Beseni la Mahamri Nyuma ya Goli

Tangu utotoni Kahonzi Charo alikuwa na mikono isiyoacha kitu kuanguka. Kwao Kakuyuni, mgeni akitokea ghafla na kuku akatakiwa chunguni, hakutumwa kaka yake wala mjomba wake. Alitumwa Kahonzi. Wengine walimkimbiza kuku mpaka wakaishia kwenye mihogo ya jirani, wamebaki na manyoya mkononi na aibu usoni. Yeye alisimama tu katikati ya uwanja, magoti kayakunja kidogo, akamtazama kuku machoni. Kuku akielekea kushoto, Kahonzi yuko kushoto tayari. Akigeukia kulia, anamkuta huko huko. Ikafika mahali kuku wa pale nyumbani wakimwona anatoka asubuhi na mswaki wake, hana nia yoyote mbaya, walitawanyika.

"Mikono hii, Mulungu akipenda, itampatia kazi," mama yake, Damaris, alikuwa akiwaambia watu. "Kazi gani ndiyo sijui."

Alipomaliza shule ya upili, mama akasikia kanisani kwamba hoteli za Watamu zinatafuta wapishi wa mikate. Mjadala ukaishia hapo. Kahonzi akapelekwa chuo cha ufundi kilicho kando ya barabara ya kwenda huko huko Watamu, akaanza kusomea mikate, keki na vitafunio.

Mpira haukuwamo kabisa katika mipango hiyo. Ulikuja siku tuktuk lilipoleta paketi za unga jikoni. Dereva alikuwa na haraka zake, na badala ya kuzishusha paketi akawa anazirusha. Wanafunzi wenzake walikimbia wakapiga kelele. Kahonzi akasimama mlangoni akazidaka: ya juu, ya chini, ya pembeni, hata ile iliyopasuka hewani aliidaka, ingawa sehemu kubwa yake ilimwishia kichwani. Mwalimu Gerishom, aliyefundisha ujenzi na ndiye kocha wa timu ya wasichana, alikuwa akipita na toroli la mchanga. Akaliacha toroli palepale njiani, akamsogelea yule msichana mweupe kuanzia nywele hadi kope.

"Binti, unaitwa nani?"

"Kahonzi, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Umewahi kucheza mpira?"

"Sijawahi, mwalimu. Nimewahi kukamata kuku."

Mwalimu Gerishom akafikiri kidogo. "Inatosha," akasema. "Njoo uwanjani jioni."

Hivyo ndivyo Kahonzi alivyokuwa kipa, na hivyo ndivyo shida zake zilivyoanza.

Mwalimu wake wa mikate alikuwa Bi Swabra, mama mwenye asili ya visiwa vya kaskazini, Kiswahili chake kimenyooka kama kanzu ya Ijumaa. Hakuna aliyewahi kumwona Bi Swabra akikimbia, wala akitokwa na jasho, na hilo la pili lilikuwa ajabu kwa mtu aliyeshinda mbele ya tanuri. Kila asubuhi alikagua kucha za wanafunzi. Za wengine alizipitia haraka. Akifika kwa Kahonzi alivaa miwani.

"Kahonzi, mwanangu, hiki kilicho chini ya ukucha wako ni nini?"

"Ni udongo, Bi Swabra. Jana nilizuia kona."

"Umezuia kona. Nayo kona imekushukuru kwa kukupa udongo wake. Nenda kaoshe."

Jioni uwanjani mambo yalikuwa yaleyale, ila yamegeuzwa. Kahonzi alifika mbio kutoka jikoni, iliki inanukia kwenye jezi, unga mkavu umemganda viwikoni, na Mwalimu Gerishom anatikisa kichwa. "Kipa unanukia chai, wewe. Washambuliaji watakuogopaje?"

Mtihani ulipokaribia alijaribu kusoma akiwa golini. Mpira ukiwa mbali, alifumba macho akakariri: hamira, sukari, iliki, tui liwe vuguvugu, lisiwe la moto. Siku moja alifika kwenye tui, akasikia wenzake wanapiga ukelele, na alipofumbua macho mpira ulikuwa umelala nyavuni. Purity, beki wa kati, mwanafunzi wa ufundi wa umeme mwenye sauti ya kuita feri, alimgeukia.

"Kahonzi! Ulikuwa wapi?"

"Kwenye tui," akajibu Kahonzi kwa ukweli.

Kilichomchosha zaidi ni kwamba walimu wake wawili hawakuzungumza. Kisa chao kilikuwa cha zamani. Katika chai ya walimu, Mwalimu Gerishom alipewa kipande cha mkate wa Bi Swabra, akakigeuza huku na huku, akasema mbele ya watu wote, "Mkate huu una pembe kama tofali." Kuanzia siku hiyo salamu zikakatika. Waliwasiliana kupitia kwa Kahonzi, aliyekuwa akivuka kiwanja kati ya jiko na karakana kama tarishi.

"Mwambie huyo fundi wako wa matofali kwamba Jumanne kuna somo la keki."

"Mwambie huyo mama kwamba Jumanne kuna mazoezi ya penalti."

Kahonzi aliufikisha kila ujumbe akiupunguza makali njiani. "Bi Swabra anakusalimu sana, mwalimu, na anauliza kama mazoezi yanaweza kuchelewa kidogo." Hakuna aliyemsalimu mwenzake, lakini kila mmoja akaanza kushangaa mwenzake amepata adabu wapi.

Basi ikaja Jumamosi ya balaa. Chuo kilikuwa mwenyeji wa fainali ya vyuo vya ufundi dhidi ya wasichana wa chuo kimoja cha Kikambala, mchana. Na mchana huohuo ulikuwa mtihani wa vitendo wa mahamri. Kila mwanafunzi akande unga wake, auache uumuke, akaange, kisha mtahini kutoka nje aonje. Mwaka uliopita mtu mmoja alikuwa amelibadilisha beseni lake na la jirani, kwa hiyo sheria mpya ikawekwa: mwanafunzi na unga wake wasitengane, na asiruhusiwe mwingine kuugusa.

Kahonzi alikanda unga wake huku machozi yakimlengalenga. Alipoufunika kwa kitambaa, filimbi ya kuwapasha moto wachezaji ikasikika kutoka uwanjani. Wenzake walikaa kwenye viti wakaanza kuyatazama mabeseni yao, kwa sababu ukishakanda unga huna kazi nyingine ila kuutazama.

Akajikaza, akamwendea mtahini, mzee mmoja mpole aliyeitwa Bwana Zubair, aliyekuja toka asubuhi na alikuwa ameshauliza mara kadhaa mahamri yataiva lini.

"Shikamoo, Bwana. Naomba kuuliza. Unga ni lazima uumukie jikoni?"

Bwana Zubair akavuta karatasi ya sheria, akaisoma juu, akaisoma chini, akaigeuza nyuma ambako hakukuwa na kitu. "Yasema unga na mwenyewe wasitengane," akasema. "Na mwalimu awe anauona. Wapi, haisemi."

Kahonzi akamgeukia Bi Swabra. Bi Swabra akamtazama Kahonzi, akalitazama beseni, akautazama mlango. Ilionekana wazi kwamba anapigana na nafsi yake, na nafsi ilikuwa imeanza vizuri. Mwisho akawaachia wengine msaidizi wake, akachukua mwavuli, birika la maji na sabuni.

"Beba beseni lako, mwanangu," akasema. "Twende huko kwenye makona yenu."

Watu waliokuwa uwanjani siku hiyo bado wanasimulia walichoona. Timu ya nyumbani ilitoka ikikimbia, na nyuma yake alikuja kipa akitembea taratibu, glavu kwapani, beseni kichwani, akifuatwa na mama wa buibui aliyeshika mwavuli juu ya beseni, si juu yake mwenyewe. Beseni likawekwa kwenye kiti nyuma ya nyavu. Bi Swabra akasimama kando yake kama askari wa lango.

Mpira ukaanza. Jua lilikuwa la kweli, jua la Januari, na hapo ndipo hesabu ya Kahonzi ilipokosea. Jikoni unga ungehitaji muda mrefu kuumuka. Nyuma ya goli, hata chini ya mwavuli, ulianza kazi mapema mno.

"Kahonzi," Bi Swabra aliita kwa upole.

"Naam, Bi Swabra."

"Waumuka."

Kahonzi akageuza shingo kutazama. Kweli kitambaa kilikuwa kimeinuka katikati kama mtu aliye chini yake anataka kuuliza swali. Alipoirudisha shingo, Fridah, mshambuliaji wa Kikambala, msichana mrefu mwenye mguu unaosikika kabla haujaonekana, alikuwa ameshapiga. Bao.

"Kahonzi!" Purity akanguruma.

"Samahani! Unaumuka!"

"Nini?"

"Unga!"

Bi Swabra naye aliutazama mpira uliolala nyavuni bila huzuni. "Si wamekurudishia mpira wako tu," akasema. "Mbona wafurahi hivyo?"

Wakati wa mapumziko Mwalimu Gerishom alikuja mbio na hotuba yake kali mdomoni. Akamkuta Bi Swabra kasimama juani, jasho, kwa mara ya kwanza katika historia ya chuo, linamtiririka kwenye paji la uso. Hotuba ikamwisha. Akaenda akaleta kiti kingine, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati lake.

"Keti, Bi Swabra."

"Ahsante. Si ajabu kiti hiki nacho kikawa tofali."

Kocha akasimama kama aliyepigwa kofi. "Bi Swabra, hivi ni kwa ajili ya lile neno? Mimi ni mwashi! Tofali lenye pembe sawa ni kitu kizuri kuliko vyote. Nina wanafunzi darasa zima, hakuna hata mmoja anayeweza kutoa pembe kama zile za mkate wako."

Bi Swabra akakirekebisha kitambaa cha beseni ambacho hakikuhitaji kurekebishwa. "Ungeanza na hayo," akasema. "Umeninyima kukuamkia muda wote huu."

Kipindi cha pili Purity aliupiga mpira wa kona kwa kichwa, na sauti ya kichwa chake ilisikika hadi barabarani. Bao! Sasa ni moja kwa moja. Shangwe zilipokuwa bado hewani, Bi Swabra akaita tena, safari hii bila upole.

"Kahonzi! Wamwagika!"

Unga ulikuwa umefika ukingoni, umekiinua kitambaa na unachungulia nje. Bi Swabra alikuwa amejishika mikono yake mwenyewe asije akausaidia, maana sheria ni sheria. Mpira ulikuwa upande wa pili wa uwanja. Kahonzi akavua glavu, akazunguka mlingoti, akanawa haraka, akaingiza ngumi katikati ya unga. Ukashuka ukitoa pumzi ndefu. Akaukanda, akaukunja, akaugeuza.

"Usiuonee, taratibu," Bi Swabra akamwelekeza. "Hivyo. Vizuri."

"Kahonziiii!" Ilikuwa sauti ya Purity, na ilikuwa inakaribia.

Alirudi golini bila glavu, mikono imejaa unga mbichi hadi kwenye vifundo. Fridah alikuwa peke yake. Akapiga, na Kahonzi akaruka akaudaka mpira kifuani. Shida ikawa kuuachia. Alitaka kuutupa kwa Purity, mpira ukakataa. Akaupunga mkono, mpira ukaning'inia kiganjani kama fenesi. Akatikisa. Akatikisa tena kwa mikono yote miwili. Mashabiki wakaanza kupiga makofi kwa mpigo wake, wakidhani ni ngoma.

"Refa, ametia gundi!" Fridah akalalamika.

Refa, bwana mmoja mfupi mwenye filimbi kubwa, alikuja akasimamisha mchezo. Akaugusa mpira kwa kidole, akakinusa kidole, kisha, bila kufikiria ukubwa wa cheo chake, akakilamba.

"Hii ina iliki," akasema.

"Ni unga wa mahamri, refa. Niko kwenye mtihani."

Refa alikuwa na kitabu cha sheria mfukoni na wote waliona mkono wake ukikiendea, ukasita, ukarudi. Kabla hajaamua, mtu mwingine aliingia uwanjani. Ni Bi Swabra, birika mkono mmoja na sabuni mkono mwingine, anatembea kwa hatua zilezile za jikoni, akapita katikati ya wachezaji wa Kikambala kana kwamba ni meza.

"Lete mikono," akamwambia Kahonzi. "Mkono ulioshika mpira haurudi kwenye unga wangu. Usafi kwanza." Akammiminia maji palepale kwenye sanduku la goli, akamsugua kati ya vidole. Halafu akauosha na mpira, kwa kuwa sabuni ilikuwa ipo.

"Mama," refa akasema, "huruhusiwi kuingia uwanjani." Akatoa kadi ya manjano akamwinulia.

Bi Swabra akaipokea. Akaisoma pande zote mbili, akaona haina maandishi, akaitia kwenye mkoba wake. "Ahsante, mwanangu," akasema, akarudi kwenye kiti chake. Refa alibaki kasimama, mkono bado uko juu, hauna kitu. Kwa muda wote uliobaki wasichana wa pande zote mbili walicheza rafu kidogo, maana walijua hana kadi.

Dakika zikaisha, bao moja kwa moja. Penalti. Kahonzi akatazama nyuma, na Bi Swabra alikuwa amesimama, kitambaa kimefunuliwa, kidole kimoja kimenyooshwa juu ya unga bila kuugusa, kama daktari anayesikiliza moyo.

"Umefika," akatangaza. "Ukingoja zaidi wachacha."

Penalti hizo Kahonzi alizicheza kama mtu aliyeacha chungu motoni. Alipozuia hakushangilia, alipofungwa hakuhuzunika, aliurudisha tu mpira haraka, "Mwingine, mwingine, njooni!" Ikabaki ya Fridah. Akifunga wanaendelea, akikosa yameisha. Fridah alikuwa mtu wa kujipanga. Aliuweka mpira, akauondoa, akaufuta, akauweka tena. Akafunga kamba za njumu. Akapumua.

Kahonzi hakuvumilia. "Piga basi, dada yangu! Mahamri yanachacha!"

Fridah, aliyekuwa amekimbia nusu ya njia, akaanza kucheka. Hakuwa amepanga kucheka. Kicheko kilimshika mguu ukiwa hewani, na mpira ukaondoka kwa nguvu zote alizokusudia lakini si kwa njia aliyokusudia. Ukapita juu ya mwamba wa goli, ukaenda moja kwa moja kwenye beseni.

Bi Swabra hakuwahi kufundishwa kudaka na mtu. Aliruka mbele ya beseni, mwavuli wazi, akausukuma mbele kwa mikono miwili. Mpira ukagonga mwavuli, ukarudi uwanjani ukidundadunda, na beseni halikutikisika hata kidogo.

Mwalimu Gerishom alisahau kwamba wameshinda fainali. "Mmeona ile?" alikuwa akimwuliza kila mtu. "Mmemwona yule mama?"

Wenzake walikimbia kumbeba Kahonzi begani, wakakuta goli tupu. Alikuwa ameshafika karibu na jiko, beseni kifuani, mwavuli uliopinda ukimfuata kwa nyuma. Timu nzima ikakimbia naye, na Wakikambala, wasiojua mambo yanaelekea wapi, wakawafuata.

Alikata, akasukuma, akakaanga akiwa na aproni juu ya jezi, njumu zikilia kwa-kwa-kwa kwenye saruji. Mahamri yakafura yote, yakaelea kwenye mafuta yamejaa hewa, rangi ya shaba. Bwana Zubair alikuwa ameonja kazi za wote na sasa alikuwa na njaa ya kazi hii ya mwisho. Akala moja kwa mtihani, akala la pili kwa uhakika.

"Unga umeumuka vyema," akasema. "Ni hewa ya huko, bila shaka." Kisha akatazama chini. "Alama kidogo nitakata. Njumu jikoni, hapana. Na mbaazi ziko wapi?"

Mbaazi hazikuwamo kwenye mtihani. Bwana Zubair alikubali jambo hilo kwa shida.

Kahonzi alifaulu, akapata nafasi katika jiko la hoteli moja ya Watamu. Anaanza alfajiri, anamaliza mchana, na jioni yuko golini kwa timu ya mtaa. Mkuu wa jiko lake hulalamikia udongo wa kucha, na kocha wake mpya hulalamikia iliki. Yeye huwasikiliza wote wawili, na humwambia kila mmoja kwamba mwenzake anamsalimu.

Lakini jioni ile ya fainali alikuwa bado amekaa kwenye ngazi ya jiko na sahani ya mahamri magotini, amechoka mpaka hawezi kuzifungua kamba za njumu. Fridah akaja akaketi kando yake bila kukaribishwa.

"Umenichekesha kwa makusudi," akasema.

"Wallahi sikukusudia. Yalikuwa yanachacha kweli."

Fridah akachukua hamri, akauma, akalimaliza. Akachukua jingine. Kahonzi alikuwa anamweleza habari za tui vuguvugu waliposikia honi kwa mbali, na basi la Kikambala likapita nje ya lango bila kusimama, na likatokomea kwenye kona ya Gede.

"Lile si basi lenu?" akauliza Kahonzi.

"Ndilo," akasema Fridah, mdomo umejaa.

"Limekuacha!"

"Litarudi. Viatu vya kocha viko kwenye mkoba wangu." Akanyoosha mkono kwenye sahani. "Lakini tule haraka. Wakirudi watakuwa wengi."

Basi lilirudi kweli. Kocha wao alishuka akiwa peku, amekasirika, kidole kimeelekezwa kwa Fridah tayari kwa maneno makubwa. Kahonzi akamnyooshea sahani. Kidole kikabadilika kikawa mkono, mkono ukachukua hamri, na nyuma yake mlango wa basi ukafunguka, timu nzima ya Kikambala ikaanza kushuka.